Helikopta ya Polisi: Kununua Ni Rahisi, Kazi Iko Kwenye Kugawana

Kila baada ya shambulio kaskazini mwa Bonde la Ufa, wimbo ni uleule: polisi wa huko wapewe helikopta yao. Turkana wanataka yao, Baringo wanataka yao, Samburu nao hawataki kuachwa nyuma. Siwalaumu hata kidogo. Novemba 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa bonde la Suguta, karibu na Baragoi, mahali ambapo gari halipenyi na anayekwenda kwa miguu huonekana na adui tangu akiwa mbali. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa kwamba helikopta ni anasa.

Ninachopinga ni mpangilio wa mjadala. Tunaanza na idadi ya mashine na bei yake, tunaingia kwenye zabuni, kisha tunapiga picha na ndege mpya pale Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi. Swali ambalo ningependa lijibiwe kabla ya zabuni ni hili: simu mbili zikiingia usiku mmoja na mashine ni moja, nani anapewa, nani anaambiwa asubiri, na nani ana mamlaka ya kumwambia hivyo?

Waingereza walilijibu vibaya, na kwa kuwa waliandika makosa yao hadharani, tunaweza kujifunza bila kulipa ada.

England na Wales hazina jeshi moja la polisi. Zina vikosi 43 vya maeneo, kila kimoja na mkuu wake na bajeti yake. Kwa miaka mingi vikosi vyenye uwezo vilinunua helikopta zao, vingine vikachangiana na majirani wawili watatu. Kulikuwa na upotevu wa wazi: mashine za aina mbalimbali, mikataba ya matengenezo isiyofanana, na ndege mbili za vikosi jirani zikiwa angani karibu na mpaka mmoja. Oktoba 2012 wakaanzisha huduma moja ya kitaifa ya ndege za polisi, NPAS, ikaongozwa na kikosi cha West Yorkshire kwa niaba ya wengine. Vituo vilikuwa takriban 30 kabla ya mpango huo. Miaka michache baadaye, bajeti zilipobanwa, vilishuka hadi karibu 15.

Kwenye makaratasi hesabu ilikuwa nzuri. Helikopta huenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo chora duara kubwa kuzunguka kila kituo na nchi nzima imefunikwa. Hapo ndipo duara linapodanganya, kwa sababu halioni usiku wala ukungu. Halioni pia kwamba mashine ya kituo hicho huenda iko karakana kwa ukaguzi wa lazima, au tayari iko angani upande wa pili ikimtafuta mzee aliyepotea.

Chukua Dyfed-Powys huko Wales. Ni eneo la milima na mashamba ya kondoo, na ndilo kubwa kuliko maeneo yote ya polisi ya England na Wales. Walikuwa na helikopta yao Pembrey. Kituo kikafungwa Januari 2016, na kuanzia hapo wakawa wanategemea vituo vya mbali, kikiwemo St Athan kule pwani ya kusini, karibu na Cardiff. Kutoka St Athan hadi mji wa Aberystwyth ni kilomita 120 hivi, yaani nusu saa angani, ukiacha muda wa kuwasha injini na kupata kibali cha kuruka. Mwizi wa gari hasubiri nusu saa. Watu wa Dyfed-Powys waliendelea kuchangia huduma hiyo huku mashine ikilala kwingine. Ni kama majirani walionunua jenereta moja kwa mchango wakaiweka uani kwa mmoja wao: wote wamelipa, ila taa haziwaki kwa wote.

Novemba 2017 wakaguzi wa polisi wa nchi hiyo walitoa ripoti, na haikuwa ya kubembeleza. Walieleza kwamba gharama ya saa moja ya kuruka, iliyokuwa pauni 1,335 mwaka 2009, ilikuwa imefika pauni 2,820. Kwa thamani ya wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi 350,000 za Kenya kwa saa moja! Mpango ulioanzishwa kuokoa fedha ulikuwa umepunguza jumla ya matumizi kwa njia rahisi kuliko zote, kuruka kidogo, huku kila saa iliyobaki ikizidi kuwa ghali. Ndege zilikuwa zikizeeka bila fedha za kutosha kuzibadilisha, na miito mingi ilifutwa kwa sababu kufikia wakati ndege inakaribia, tukio limeisha.

Kilichonivutia zaidi ni fomula ya malipo, yaani jinsi kila kikosi kinavyotozwa kwa ndege ya pamoja, jambo ambalo hakuna mwanasiasa atakayelipigia kelele jukwaani. Ukimtoza kamanda kwa saa, ataogopa msako mrefu. Ukimtoza kwa kila mwito, basi msako wa saa mbili na mzunguko wa dakika kumi vinamgharimu sawa, na wa miito midogo atahisi anambebea gharama mwenzake. Ukiweka mchango sawa kwa wote, kikosi kidogo cha mashambani kitauliza kwa nini kinalipa kama cha mji mkubwa. Hakuna fomula isiyo na mlalamishi, hilo nalikubali. Lakini lazima ichaguliwe mapema na ijulikane, la sivyo itachaguliwa gizani na mtu mwenye sauti kubwa kwenye simu.

Na juu ya hapo kuna uongozi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa 43, kila mmoja akiangalia wapiga kura au wakubwa wa kwao, na kikosi kimoja kikibeba mzigo wa kuendesha kila kitu. Scotland walibaki nje ya mpango huo na helikopta yao Glasgow, nao pia hawakupona machungu: usiku wa tarehe 29 Novemba 2013 ilianguka juu ya paa la baa ya Clutha, wakafa watu 10. Wachunguzi walikuta mafuta yamo ndani ya tangi kuu, lakini pampu za kuyapeleka kwenye matangi ya injini zilikuwa zimezimwa. Nalitaja hilo kwa wanaodhani kazi inaisha mashine ikishanunuliwa.

Sasa turudi nyumbani. Kenya hatuna vikosi 43, tuna huduma moja ya kitaifa, kwa hiyo ungedhani kugawana kwetu ni rahisi. Kumbuka Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia chuo kikuu alfajiri. Kikosi maalumu cha Recce kilifika mchana, saa nyingi baadaye, na waandishi wa habari walioondoka Nairobi kwa gari walikuwa wametangulia kufika. Watu 148 waliuawa. Polisi walikuwa na ndege siku hiyo. Kwa mstari ulionyooka, Wilson hadi Garissa ni kama kilomita 330, mwendo wa saa moja na nusu kwa helikopta ya kawaida. Kukosekana kwa mashine hakutoshi kueleza saa zile zote.

Halafu kuna matumizi ambayo huwa tunayasema kwa sauti ya chini. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi aina ya AS350, ambayo ilikuwa haijamaliza mwaka tangu inunuliwe, ilianguka msitu wa Ngong ikaua watu sita, akiwemo Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Walikuwa njiani kwenda Ndhiwa kwenye harambee. Mungu awarehemu wote. Waziri wa usalama ana haki ya kusafiri salama, sibishani na hilo. Nasema tu kwamba ndege ya polisi ikishakuwa usafiri wa wakubwa, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa Kapedo kule kaskazini hawezi kushindana na mheshimiwa kwa kupiga simu. Ratiba ya mheshimiwa hujulikana wiki nzima kabla. Majangili hawatoi ratiba.

Mwaka 2019 serikali ya Uhuru Kenyatta ilikusanya ndege za taasisi za kiraia, za polisi zikiwemo, ikaziweka chini ya idara moja inayoongozwa na wanajeshi. Kwa upande wa ufundi naielewa hoja. Mafundi wa ndege ni wachache, vipuri ni ghali, na kuwa na aina tano za helikopta ni kuwa na karakana tano. Lakini kwa upande wa amri naiona ni kosa. Kamanda wa polisi wa kaunti anayehitaji macho ya angani saa tisa usiku anapaswa kuomba ndani ya safu yake mwenyewe. Kuvuka kwenda kwenye safu ya jeshi, yenye wakubwa wengine na vipaumbele vingine, ni mlango mmoja wa ziada wa kubisha.

Mimi ningetenganisha mambo hayo mawili. Matengenezo, vipuri na mafunzo ya marubani viwe pamoja kwa taasisi zote, hata jeshi likiwa ndilo lenye karakana. Amri ya kuruka kwa kazi ya polisi ibaki kwa polisi. Na mashine zisilale zote Nairobi. Kutoka Wilson hadi Lodwar ni takriban kilomita 500 angani. Helikopta ndogo itafika ikiwa imekunywa karibu mafuta yake yote, kwa hiyo kazi ya kwanza ya rubani itakuwa kutafuta mafuta, si kutafuta majangili. Kutoka Eldoret hadi Kapedo ni kama kilomita 115. Kituo kimoja Eldoret, kingine Garissa, akiba ya mafuta Lodwar na Maralal, na Wilson ibaki na karakana kubwa. Ziwe za aina moja zote, na kila kituo kiwe na uhakika wa kuazima mashine yake inapoingia ukaguzi, maana helikopta moja peke yake ni helikopta ya baadhi ya siku tu.

Kaunti 47 kila moja na yake? Hapana. Tutaishia na mashine 47 za maonyesho ya Madaraka, nusu yake zikingoja vipuri. Kazi nyingi za kuangalia tu, kama kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa au kukagua bonde kabla askari hawajashuka, siku hizi zinaweza kufanywa na droni yenye kamera ya joto kwa sehemu ndogo sana ya gharama. Droni haibebi majeruhi, na hapo ndipo helikopta itaendelea kuhitajika.

Jambo la mwisho halihitaji hata zabuni. Wakaguzi wa Uingereza waliweza kusema mpango umeyumba kwa sababu kila mwito ulikuwa umeandikwa: nani aliomba, saa ngapi, ndege ilifika saa ngapi au ilikataliwa kwa sababu gani. Hapa kwetu nataka daftari kama hilo, lenye miito iliyokataliwa na jina la aliyekataa, na safari za waheshimiwa ziandikwe humohumo. Nakala iende IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, kila mwezi. Bunge lisome daftari la mwaka mmoja kwanza, ndipo lijadili mashine ya kwanza ya kununua.