Kaskazini ndiyo wapi?

Kinachonikera kwenye ramani za simu ni ile amri ya kwanza: "Elekea kaskazini-mashariki." Ningekuwa najua kaskazini iko wapi, ningekuuliza wewe? Setilaiti zinasaidia kujua umesimama wapi, ila hazijui umegeuza uso upande gani. Hiyo ni kazi ya dira iliyomo ndani ya simu, nayo ikikaribia chuma kingi inaweweseka. Basi mtu mzima unazunguka palepale, simu mkononi, na mshale nao unazunguka. Ukishapiga hatua ndipo inakwambia geuka urudi. Afadhali umuulize mpita njia? Thubutu! "Nyoosha tu, ni hapo mbele." Mbele ipi, ndugu yangu? Kama hujui, si useme hujui!