Usiniambie kilichokamilika, niambie kilichoshindikana

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, karani wa chama cha msingi kimoja Nachingwea alinipigia simu. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Kuna mzee hapa amesomeka mara mbili." Mzee alikuwa ameleta ufuta kilo 186. Kwenye mfumo wa kuandika stakabadhi kwa simu nilioutengeneza mimi anaonekana ameleta kilo 372, kwa stakabadhi mbili zilizopishana dakika moja.

Karani aligundua kwa sababu hajaacha kuandika kwenye daftari lake la mkono, na kwa hilo namshukuru. Mnada ulikuwa bado, hakuna aliyelipwa. Lakini usingizi haukuja. Kilo 186 ambazo hazimo kwenye magunia zikishaandikwa, kuna mtu atadaiwa. Ghala kuu likipima na kukuta pungufu, wa kwanza kuulizwa ni dada anayepima mizigo pale chamani, na huku kwetu mtu akishaitwa mwizi wa kilo, jina hilo halimtoki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani kwa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, uanze kwenye korosho mwaka 2007, ugomvi ninaousikia vijijini ni wa mambo mawili, kilo na makato. Sikukubali kazi hii ili niongeze la tatu.

Nikafungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mfumo wangu ulikuwa umebadilishwa mahali ambapo mimi nilidhani pamefungwa kabisa.

Msimbo huu nauandika nikisaidiwa na akili mnemba (AI), na wanaofanya kazi na wasaidizi wa aina hiyo wanajua hali ilivyo. Kikao kina ukomo wake. Mazungumzo yakirefuka sana, msaidizi anaanza kusahau mliyokubaliana asubuhi, kwa hiyo unamwambia aandike muhtasari wa makabidhiano, unafunga, unafungua kikao kipya, unampa muhtasari, kazi inaendelea. Huyu mpya hana kumbukumbu yoyote ya jana. Anachokijua ni ulichompa asome na alichokikuta kwenye mafaili.

Kikao changu cha kwanza kilihangaika siku tatu na jambo moja, nani aipe stakabadhi namba yake. Mwanzoni seva, kompyuta kuu inayopokea taarifa za simu zote, ndiyo ilikuwa inatoa namba, moja, mbili, tatu, kwa mpangilio mzuri. Tukapeleka kijijini msimu wa korosho uliopita kwa majaribio. Kijiji kile mtandao unaupata ukipanda kwenye kichuguu nyuma ya ghala. Simu inatuma kilo, seva inapokea na kuandika, lakini jibu linapotelea njiani. Simu haijui kama imepokelewa, kwa hiyo inatuma tena. Seva inaona mzigo mpya, inatoa namba mpya. Mkulima mmoja, gunia lilelile, stakabadhi mbili. Tukabadilisha, simu ikawa inatengeneza namba yake ndefu palepale mizani inaposomwa, na namba hiyohiyo inatumwa hata mara kumi. Seva ikiiona kwa mara ya pili inaikataa. Tatizo likaisha.

Muhtasari wa makabidhiano uliandika nini kuhusu siku hizo tatu? Sentensi moja. "Mfumo wa kutuma stakabadhi umekamilika na unafanya kazi vizuri."

Miezi ikapita. Makarani wakalalamika kwamba namba ni ndefu, inajaa kwenye karatasi, mkulima hawezi kuisoma. Lalamiko la haki kabisa. Nikafungua kikao kipya, nikampa ule muhtasari, nikamwomba afupishe namba. Naye, kwa nia njema, akaiona ile namba inayotengenezwa na simu kama uchafu ulioachwa na mtu asiyejua, akaifuta, akarudisha namba za mpangilio kutoka seva. Majaribio yote yakapita, kwa sababu yanaendeshwa kwenye kompyuta yangu mjini Lindi, ambako jibu halipotei. Nilisoma mabadiliko na kuyaidhinisha. Hilo ni kosa langu, na nimemwambia karani hivyo.

Lakini tatizo ni kubwa kuliko kosa langu la jioni moja, ndiyo maana naandika. Mihtasari hii tunayoachia mashine ijiandikie inasimulia kilichopo. Kilichopo hakihitaji msimulizi! Msimbo uko pale, kikao kipya kitausoma chenyewe kwa sekunde chache. Ambacho msimbo hauwezi kukisema ni njia mliyoipita mkakuta imekatika. Njia iliyoachwa haibaki na alama. Kipande kilichofutwa hakipigi kelele. Anayekuja baada yako anakuta ukuta katikati ya uwanja, hajui nyuma yake kuna shimo, anaubomoa ili apite moja kwa moja. Mimi nisingemlaumu. Ningemlaumu aliyejenga ukuta akaondoka bila kusema neno.

Dada yangu ni muuguzi hapa Lindi. Siku moja nilimfuata kazini kumchukua, nikafika wakati wa kubadilishana zamu, nikasubiri mlangoni. Hawakukabidhiana kwa kusema "wodi iko salama." Walitembea kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda kimoja nikamsikia akimwambia mwenzake, "Mama huyu mkono wa kushoto tumejaribu mara tatu, mishipa imegoma. Usianzie huko, utamuumiza bure. Na dawa ya saa kumi bado hajapewa, nasubiri daktari arudi." Kisha wakaenda kitanda kinachofuata. Njiani nilimuuliza mbona anaanza na yaliyoshindikana. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wananawa mikono. "Sasa yaliyofanikiwa si ameyaona kwenye faili?"

Maneno hayo niliyasikia miaka miwili iliyopita, na ilibidi mzee wa Nachingwea aandikwe mara mbili ndipo nielewe kwamba yananihusu.

Najua jibu la wenzangu. Wananiambia kumbukumbu za mashine zinakua, tusubiri. Ni kweli zimekua, kuna zinazobeba tokeni 200,000 (tokeni ni kipande cha neno ambacho mashine husoma) kwa kikao kimoja na nyingine zaidi. Lakini kikao kirefu kinabeba pia kila wazo bovu mlilolitaja na kuliacha, na nimeona mara nyingi msaidizi akiliokota wazo la asubuhi lililokataliwa na kulileta jioni kana kwamba ni jipya. Wengine wanasema Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo, inatosha. Inatosha kama unaandika sababu kila unapohifadhi badiliko, na nikiangalia kazi za wengi wetu, zangu zikiwemo, naona "marekebisho", "marekebisho tena".

Nakubali pia kwamba muhtasari wa mashine umenisaidia, hasa umeme ulipokatika katikati ya kazi. Sisemi tuuache. Nasema usiachwe uwe neno la mwisho kabla ya kufunga kikao.

Nenosiri na namba za simu za wakulima zisiingie kwenye makabidhiano kamwe. Hilo halina mjadala.

Kuna la lugha pia. Naandika makabidhiano yangu kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza na hiyo ni gharama. Sababu ni kwamba kuna siku msaidizi alitafsiri "daraja la pili" la korosho kwa neno la daraja la kuvukia mto, na jina hilo likaenea kwenye kanzidata nzima kabla sijalishtukia. Ukimwandikia "kangomba", yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, usipomweleza ni nini, atakisia. Maneno ya kazi yetu yana uzito wa pesa za watu, na nataka yakae yalivyo, na maelezo yake pembeni.

Sasa faili langu la makabidhiano linaanza na sehemu inayoitwa "Tulichojaribu kikashindikana". Naiandika mwenyewe, siiachii mashine, tena naiandika tatizo likiwa bado la moto, sisubiri kikao kijae. Ya kwanza kabisa inasema hivi: "Namba ya stakabadhi hutolewa na simu, si seva. Seva ilijaribiwa, ikazalisha stakabadhi pacha mtandao ulipokatika baada ya kutuma. Ukitaka kuigusa sehemu hii, niulize kwanza." Chini yake kuna sehemu fupi ya mambo ambayo hayajathibitishwa, maana neno "inafanya kazi" sitaki kulisoma tena bila kujua limefanya kazi wapi, kwenye simu gani, mtandao ukiwa wa namna gani.

Na namba fupi ya kuchapishwa? Makarani watapata. Karatasi itaonyesha namba fupi, ile ndefu itabaki ndani ya simu ikifanya kazi yake.

Korosho zinaanza kuingia maghalani Oktoba. Kabla ya hapo narudi kijijini kwa kichuguu, na simu mbili za bei ya chini kama walizonazo makarani. Nitapima gunia lilelile mara 20, kila mara nazima mtandao katikati ya kutuma, karani akiandika kwenye daftari lake na mimi kwenye faili langu.