Mita 60 za Mto Ruvu

Bagamoyo kuna ubishi usiokwisha: mkulima wa bonde la Ruvu aondolewe ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, au aachwe alime? Wanaotaka aondoke hushika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hoja yao ina uzito. Masika mto unapofurika, mizizi ya mikuyu hushikilia kingo, na vichaka vya mikindu hupunguza kasi ya maji, tope likatua bondeni. Ukifyeka huko, ukingo humeguka, na mashamba ya nyuma yake hufuata. Mkuyu nao huzaa hata miti mingine ikiwa mitupu, kwa hiyo tumbili na ndege wengi huutegemea. Tena Ruvu hainyweshi Bagamoyo tu: Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini.

Mkulima naye ana haki ya kusikilizwa. Rutuba anayoifuata bondeni imeletwa na mafuriko hayohayo. Akipanda juu, mvua ikikatika mahindi hukauka. Hata akina mama wanaokata ukindu wa mikeka wanaishi kwa msitu huu, na wanajua kuwa shina likishakatwa moyo halichipui tena.

Wanaomfukuza, kwa maoni yangu, hawakisomi kifungu mpaka mwisho. Kinachokatazwa ni shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Mchicha unaopandwa maji yakishashuka, nyuma ya miti, hauwezi kuhukumiwa sawa na nyumba au tanuri la matofali. Ila anayeangusha mkuyu ili apate tuta moja zaidi azuiwe, awe maskini au tajiri.

Linalonisumbua zaidi halimo katika ubishi huo. Miche ya mkuyu huota vizuri penye tope jipya lenye unyevu, na tope hilo huletwa na mafuriko. Sasa Bwawa la Kidunda linajengwa huko juu, Morogoro, ili Ruvu isipungue kiangazi. Ukame wa mwaka 2022 ulionyesha kwa nini Dar es Salaam inalihitaji, nami silipingi. Lakini mafuriko yakizuiwa yote, tutalinda mita 60 za miti mikongwe isiyo na miche chini yake, huku shamba likikosa mbolea yake ya bure. Ratiba ya kufungulia maji ya masika iandikwe kabla bwawa halijajaa, na wakulima wa Ruvu wawemo kwenye kikao cha kuiandika.