Fidia ya Kongo inatoka mfukoni mwa nani?
Ndugu mhariri, habari yenu kuhusu fidia ya Kongo imetaja kiasi cha fedha, lakini haikuuliza ni nani hasa anayeilipa. Mnamo Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliiamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa awamu tano za kila mwaka, na kati ya hizo milioni 60 ni kwa ajili ya maliasili, dhahabu ikiwemo, zilizoporwa wakati jeshi letu lilipokuwa huko. Sisi wa kawaida dhahabu hiyo hatukuiona hata kwa macho. Nilipompeleka dada yangu kujifungua katika kituo cha afya cha serikali hapa Kasese, nilitumwa dukani usiku kununua glavu, pamba na wembe, kwa kuwa kabati la wodi lilikuwa na daftari tu. Wakongomani wanastahili kulipwa, tena kwa waliofiwa Kisangani mwaka 2000, jeshi letu na lile la Rwanda lilipopigana ndani ya mji huo wa Kongo, hicho ni kidogo mno. Kinachonikera ni kwamba deni limeingizwa kwenye bajeti kana kwamba lililetwa na mafuriko, na sijasikia jenerali hata mmoja akiambiwa arudishe shilingi.