Steroidi si suala la medali peke yake

Kila steroidi, dawa za kukuza misuli, zinapotajwa, mazungumzo huelekea kwenye udanganyifu michezoni: jinsi Ben Johnson alivyonyang'anywa dhahabu ya mbio za mita 100 mjini Seoul mwaka 1988 baada ya mkojo wake kukutwa na stanozololi, mojawapo ya dawa hizo, au jinsi wanariadha wa Ujerumani Mashariki walivyopewa vidonge na kuambiwa ni vitamini. Kwa maoni yangu, mjadala huo unawasahau watu wasioshindana na yeyote, wanaotaka tu kifua kipana na mikono iliyojaa. Hao hakuna anayewapima mkojo, wala moyo.

Dawa hizi ni testosteroni, yaani homoni ya kiume, ya maabara au jamaa zake. Ubongo unapobaini kwamba homoni hiyo imejaa katika damu, huacha kuziamuru korodani kuitengeneza. Korodani husinyaa, na mbegu za kiume huweza kupungua hadi zisionekane kabisa. Sehemu ya testosteroni iliyozidi hugeuka estrojeni, homoni ya kike, ndiyo maana mwanamume aliyetafuta kifua cha chuma anaweza kujikuta anaota matiti ambayo wakati mwingine huondolewa kwa upasuaji tu. Kwa mwanamke, sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi tena. Na kijana ambaye hajamaliza kukua, mifupa yake huweza kufunga mapema, urefu ukaishia hapo.

Ninaloliogopa zaidi halionekani kwenye kioo. Kolesteroli nzuri hushuka na mbaya hupanda, damu huwa nzito, na moyo, ambao nao ni msuli, huota kuta nene zinazoweza kuufanya ushindwe kusukuma damu ipasavyo. Steroidi za vidonge, kwa upande wao, huweza kuliumiza ini.

Kuacha nako kuna gharama yake. Anayeacha ghafla hubaki bila homoni ya kununua na bila ile ya mwili wake, pengine kwa miezi kadhaa. Uchovu humwandama, hamu ya tendo la ndoa hupotea, misuli hunywea, na sonona inaweza kumfikisha kwenye mawazo ya kujiua. Wengi huirudia dawa hapo hapo. Ndiyo maana naona kumwambia mtu "acha tu" ni ushauri nusu: anahitaji daktari wa kumpima homoni, ini na mafuta ya damu bila kumkaripia, kwa sababu mgonjwa anayeogopa kukemewa huficha lile hasa ambalo daktari anapaswa kulijua.