Tetemeko la Sendai lina namba, la kwetu lina uvumi

Juzi usiku simu ililia ule mlio wake unaomwamsha hata aliyelala fofofo, na sekunde chache baadaye kitanda kikaanza kwenda huku na huku. Kabla vyombo havijatulia kabatini, televisheni ilikuwa imeshaweka ramani: mji huu 5, ule 3, hapa Sendai, Japani, 4. Ikaonyesha kitovu kiko wapi baharini na kina chake, ikaongeza kwamba tsunami haitarajiwi. Nikageukia ukutani, nikalala.

Wakuu, hiyo 4 ndiyo iliyonifanya niandike. Huku ukubwa wa tetemeko ni kitu kimoja, na jinsi ardhi ilivyotikisika pale uliposimama ni kitu kingine chenye kipimo chake, kuanzia 0 hadi 7. Kila mtu anajua yake. Kwetu Tanzania ardhi ikitikisika, kitu cha kwanza kufika ni sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejulikana: "Wataalamu wamesema saa nane usiku linarudi kubwa zaidi, laleni nje." Wataalamu gani? Hakuna binadamu anayeweza kutaja saa ya tetemeko, hata hawa wa Japani wenye vipima mitetemo kila kona. Simu yangu ilichofanya ni kuwahi tu: tetemeko likishaanza, wimbi la kwanza huenda mbio lakini ni dhaifu, linalobomoa linafuata nyuma, na mitambo inatumia pengo hilo kupiga kelele. Ukiwa karibu mno na kitovu, hata hizo sekunde huzipati.

Najua mnachotaka kusema. "Kapanda ndege, sasa anatulinganisha na Wajapani. Japani iko kwenye mpaka wa mabamba, vile vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea, sisi tuna amani yetu." Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Bonde la Ufa mlilolichora darasani mkapata vema, mlidhani ni nini?

Tofauti ni mwelekeo na mwendo. Mbele ya pwani hii Bamba la Pasifiki linazama chini ya Japani kiasi cha sentimeta 8 kwa mwaka. Likikwama, nguvu inajilimbikiza, halafu siku moja linaachia. Tarehe 11 Machi 2011 liliachia kwa ukubwa wa 9.0, na karibu na mfereji wa bahari, pale bamba linapoanza kuzama, sakafu ilisogea kama mita 50. Bamba hilo hilo likifika kina cha kilometa 100 hivi linatoa maji, maji yanafanya mwamba wa juu yake uyeyuke kwa urahisi zaidi, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapanda. Ndiyo maana volkano za huku zimejipanga mstari sambamba na mfereji.

Sisi tunaachana. Bamba la Nubia linabaki magharibi, la Somalia linakwenda mashariki, milimeta chache kwa mwaka. Ganda la dunia linavutika na kuwa jembamba, mwamba wa moto ulio chini unapanda, mgandamizo unapungua, nao unayeyuka bila kuhitaji maji ya mtu. Hapo ndipo inapotoka milima ya volkano kama Meru, Rungwe na Nyiragongo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 kwa sababu sakafu yake imeshuka kando ya nyufa hizo.

Na huo mwendo wa kinyonga ndio unaotudanganya. Hapa Sendai mtoto hamalizi shule ya msingi bila kutikiswa mara nyingi. Mwili wake unajua pa kujificha kabla akili haijauliza. Kwetu, lile la Rukwa la Desemba 1910, la ukubwa wa takriban 7.4, nani analikumbuka? Bibi zetu walikuwa hawajazaliwa. Mpaka unaokwenda polepole unakupa muda wa kusahau, kisha unakuja Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, na 5.9 yake Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, wengi wakiangukiwa na kuta. Huku tetemeko la ukubwa huo linatajwa kwenye habari kabla ya hali ya hewa.

"Japani wana hela." Kweli, wanazo. Lakini msidhani walizaliwa na akili hii. Mwaka 1923 Tokyo na Yokohama ziliangamia, wakafa zaidi ya 100,000, na mpaka leo kila Septemba mosi nchi nzima inafanya mazoezi. Kanuni za ujenzi wakazikaza mwaka 1981. Kobe ilipopigwa mwaka 1995, nyumba za kabla ya kanuni hizo ndizo zilizoanguka zaidi.

Halafu msinione sina uzalendo. Wenzangu wa kazini wanaongea kuhusu Fuji mpaka masikio yanauma, mlima ambao haujalipuka tangu 1707. Nikawaonyesha video ya Ol Doinyo Lengai: lava nyeusi inayotiririka kama oili chafu, ya nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava ya kawaida inapita 1,000, na ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ni volkano hai pekee duniani yenye lava ya namna hiyo, na iko kwetu. Walinyamaza kidogo, mmoja akauliza kama Kilimanjaro iko karibu na simba. Basi.

Aliyeniandikia kwamba najidai "uhandisi wa ughaibuni", nitamjibu kwa nyumba ya mama, Muleba. Fundi alitaka kupandisha matofali mpaka kwenye paa bila lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta, kwa sababu "bosi, huku siyo Japani". Alikuwepo Kagera mwaka 2016, na nyumba ya jirani yake ilifumuka pembe zote nne! Sikubishana. Nilituma hela ya nondo, nikamwomba mdogo wangu asimame pale mpaka lenta izunguke nyumba nzima, pembe zifungwe, zege limwagwe. Fundi bado ananinunia.