Shughuli za kanisa zisitunyang'anye sala

Mwumini mwenye bidii katika parokia ya mjini, tuseme hapa Dar es Salaam, hana jioni iliyo yake. Kuna mazoezi ya kwaya, kikao cha kamati ya ujenzi, kikao cha harusi ya kijana wa jumuiya, maandalizi ya harambee, kumtembelea mgonjwa. Jumapili anaimba misa ya kwanza, anabaki kuhesabu sadaka ya misa ya pili, na anarudi nyumbani saa nane akiwa hoi. Simu yake imejaa makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ya kanda, ya kwaya, ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), ya wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza, na yote yanalia kutwa nzima. Muulize mtu huyo ni lini mara ya mwisho alikaa na Mungu wake peke yao, bila ajenda wala daftari la michango. Wengi atawachukua muda kujibu.

Mahubiri juu ya mambo yanayotuweka mbali na Mungu tumeyasikia sana: simu, tamthilia, mechi za Simba na Yanga, pombe, tamaa ya fedha. Ni kweli yote, na mtu akipotelea huko dhamiri humchoma. Mimi nahofia zaidi kile kinachotutenga na Mungu kikiwa kimevaa sare ya kwaya, kwa sababu hicho hakimchomi mtu. Humfanya ajione yuko karibu sana na Bwana, hata kama wiki nzima imepita hajazungumza naye.

Martha wa Injili ya Luka hakuwa mvivu, wala hakuwa ameshikwa na anasa. Alikuwa jikoni akimpikia Yesu mwenyewe. Kazi gani ya kanisa inaweza kuwa takatifu kuliko hiyo? Kinachonigusa kila nikiisoma habari ile ni kwamba Yesu hamwambii aache kupika. Anamwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa mambo mengi. Tena tazama Martha anakwenda kwa Bwana na neno gani: anamshtaki ndugu yake Maria, aliyeketi kumsikiliza Yesu, kwamba amemwachia kazi. Hilo tu. Mgeni wa namna ile yuko sebuleni, na la kumwambia ni kwamba fulani hasaidii. Nadhani hapo ndipo mtu wa kanisa anapoweza kujipima. Maneno yetu mbele za Mungu na mbele za watu yakibaki kuwa fulani hachangii, fulani haji mazoezini, fulani anataka uenyekiti, tujue kwamba huko ndani pamekauka.

Nitoe mfano wa jumuiya, kwa kuwa ndipo tunapokutana kwa karibu zaidi. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walitaka Kanisa liishi katika jumuiya ndogondogo, majirani wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wasome Neno, walitafakari pamoja, wasaidiane. Ni zawadi kubwa, na mimi nimeipenda tangu utotoni. Lakini hebu keti katika baadhi ya jumuiya zetu Jumamosi alfajiri. Wimbo, sala ya mwanzo, Injili inasomwa mbiombio. Kiongozi anauliza nani ana tafakari, watu wanatazama chini, mzee mmoja anasema maneno mawili. Kisha yanakuja matangazo. Hapo kila mtu anaamka. Zaka, mchango wa nyumba ya padre, mchango wa msiba, orodha ya wasiomaliza ahadi zao, na majina yanasomwa kwa sauti. Injili imepewa dakika chache, fedha imepewa saa nzima. Sipingi michango, kanisa halijengwi kwa hewa. Nasema tu kwamba taarifa za fedha zinaweza kutumwa kwenye simu, ila hakuna simu itakayokaa kimya pamoja na majirani mbele ya Neno.

Wapo wanaojibu kwamba kazi yenyewe ni sala. Ni neno zuri, lakini waulizwe Wabenediktini, watawa ambao wimbo wao ni sala na kazi. Peramiho, kule Songea, wamisionari wao walifika mwaka 1898; Ndanda, mwaka 1906. Wamejenga hospitali, shule, karakana, mashamba, viwanda vya uchapaji. Ukitafuta Wakristo waliofanya kazi kwa mikono katika nchi hii, uanzie kwao. Na hao hao wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, inayosema kengele ya sala ikisikika, mmonaki aache mara moja kilicho mkononi aende, na kwamba kitu chochote kisitangulizwe mbele ya sala hiyo. Hawangoji kazi iishe. Wanajua kazi haiishi.

Sisi tusio watawa tulipewa kengele yetu pia. Mapigo matatu, kimya, matatu tena, kimya, matatu tena, kisha mfululizo: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa kengele hiyo ikilia, haichukui hata dakika tano. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku akiwa mtumishi mkubwa wa serikali, na ofisi yake bila shaka ilikuwa na mafaili kuliko zetu. Petro alipanda darini kusali saa sita mchana, na alikuwa na njaa. (Napenda kwamba saa zao ni saa zetu, hatuhitaji hata kuzigeuza.) Saa iliyopangwa ina nguvu kwa sababu haiulizi unajisikiaje. Anayesema atasali akipata nafasi anajua mwenyewe jinsi nafasi hiyo isivyopatikana.

Nimewahi kukaa kwenye daladala ya alfajiri karibu na mama muuza samaki anayewahi mnada wa Feri. Ndoo tupu katikati ya miguu, rozari ndani ya kanga, vidole vinasogea punje kwa punje huku kondakta anapiga kelele na redio inatangaza mkeka wa kubeti. Hakusubiri kelele ziishe. Alipofika kituoni akaibusu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akashuka kwenda kugombania bei. Sijui kama mama yule ni mjumbe wa kamati yoyote.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa viongozi wetu wa parokia, makatekista na wenyeviti, ambao nawaheshimu sana kwa kujitoa kwao. Mpangapo ratiba ya mwaka, wekeni na jioni moja kila wiki isiyo na kikao, isiyo na mazoezi, isiyo na harambee, kanisa liwe wazi na taa ya tabernakulo, pale inapohifadhiwa Ekaristi, iwake. Kikao kikikutwa na kengele ya jioni, mwenyekiti asimamishe hoja, wote wasimame wasali. Katibu aandike kwenye muhtasari kama akipenda. Na katika jumuiya, matangazo yasianze kabla watu watatu hawajasema Injili ya siku hiyo imewaambia nini.